Hatua ya Tatu

Uvimbe niliugundua nikiwa na pini mdomoni. Nilikuwa najishonea gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu anayeolewa, na kwa kuwa hakuna fundi anayejipima vizuri mwenyewe, nilisimama mbele ya kioo cha wateja, mkono mmoja juu, nikibana kitambaa karibu na kwapa la kushoto. Vidole vikapita juu ya kitu kigumu, kidogo kama harage. Nilidhani ni fundo la uzi limenasa kwenye mshono. Nikavua gauni, nikalipapasa lote, ndani na nje. Fundo halikuwamo.

Chumba chetu cha kazi kiko Kaloleni. Mume wangu ni fundi redio, anakaa upande wa mlango na vyuma vyake, mimi nakaa dirishani na cherehani. Nilimwita aje aguse.

"Kinauma?" akaniuliza.

"Hakiumi."

"Basi ni tezi tu. Kisichouma hakina neno."

Tukaridhika. Ndivyo tulivyolelewa, kwamba mwili ukiwa na jambo utalia. Sendofu ikapita, nikacheza mpaka viatu vikakatika, na kile kitu kikaendelea kukaa kimya palepale. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, ile ya ukungu unaoshuka kutoka mlimani na kukaa juu ya mabati mpaka mchana, harage lilikuwa limekuwa yai la njiwa. Bado halikuuma. Ila ngozi juu yake ilikuwa imeanza kuvutwa kwa ndani, kama kitambaa ambacho uzi wa chini umekazwa mno. Hilo nililielewa bila kufundishwa. Mshono ukivuta hivyo, kuna kitu kibaya chini yake.

Nikaenda kituo cha afya. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa wanafunzi ninaowashonea sare. Alinipapasa titi, akapapasa kwapa, akarudi kwenye titi. Alipokuwa ananawa mikono alinawa muda mrefu kuliko alipoanza.

"Mama, nakupa rufaa," akasema.

Neno hilo nililijua, lakini nililijua kutoka mahakamani. Baba yangu alikata rufaa kwenye kesi ya mpaka wa shamba la kahawa nilipokuwa msichana, na kwetu sisi rufaa ilikuwa kitu anachofanya mtu aliyeshindwa. Nikamtazama yule binti nikijiuliza nimehukumiwa lini, na nani, na kwa kosa gani.

"Rufaa ya nini, dokta?"

"Ukaonwe na mabingwa. Hapa hatuna vipimo."

Bingwa nalo nililijua kutoka kwenye mpira. Nilitoka pale nimebeba maneno mawili ninayoyafahamu tangu utotoni, na sikufahamu hata moja.

Hospitali ya rufaa nilikwenda peke yangu, maana mume wangu alikuwa na kazi ya watu. Nilikaa kwenye benchi refu na wanawake wengine, kila mmoja amejifunga kitenge mpaka kidevuni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ana nini. Jina likiitwa, mtu anainuka, anaingia, na benchi zima linasogea kujaza nafasi yake. Zamu yangu ilipofika nilipigwa altrasaundi, kisha wakaniambia watachukua kinyama.

"Kinyama gani?" nikauliza.

"Kidogo tu, mama. Utachomwa ganzi."

Sindano ilikuwa nene. Ilitoa mlio kama stepla, mara kadhaa, na nikaona vitu vyembamba kama nyuzi vikitumbukizwa kwenye kichupa. Hicho ndicho kilikuwa kinyama. Nilikuwa nimejiandaa kukatwa kipande kama cha buchani, kwa hiyo nilipoziona zile nyuzi nikafurahi, nikajisemea kumbe hospitali wanapenda kutisha watu kwa maneno makubwa. Ndiyo hali niliyorudi nayo nyumbani, ya kudhani kwamba maneno yao ni makubwa kuliko mambo yenyewe. Wiki za kusubiri majibu nilishona sare za shule na sikulala vibaya.

Siku ya majibu daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Pembeni yake alisimama mwanafunzi wa udaktari. Nje watu walikuwa wengi kiasi kwamba mlango ulikuwa haufungiki vizuri. Daktari alisoma majibu, akamwambia mwanafunzi maneno ya Kiingereza, akataja "sii-ei" mara mbili. Kisha akanigeukia.

"Mama, majibu ya kinyama yamerudi. Seli zimebadilika. Kwa vipimo tulivyonavyo, uko hatua ya tatu."

Nikasikia joto la furaha kifuani. Nilikuwa nimepitia kituo cha afya, nimepitia altrasaundi, nimepitia kinyama. Nilizihesabu kichwani, na kweli zilikuwa tatu.

"Ahsante Mungu," nikasema. "Na zimebaki hatua ngapi, dokta?"

Mwanafunzi akaangalia sakafu.

"Baada ya hiyo ya tatu?" daktari akauliza taratibu.

"Ndiyo."

"Imebaki moja. Ya nne."

"Ahsante sana, dokta. Mungu akubariki."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Aliniangalia namna ambayo sikuwahi kuangaliwa, kama mtu anayemwona mwenzake anacheka msibani, akashindwa kujua ni ujasiri au ni kichaa. Akasema tutaanza na dripu, upasuaji utafuata, nirudi Jumatatu. Dripu nilizijua. Niliwahi kuwekewa dripu ya malaria, nikakojoa sana, nikapona.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba imebaki hatua moja tu. Akazima redio aliyokuwa anaijaribu. Tuliomba pamoja, na yeye si mtu wa kuomba kwa sauti.

Jumapili tukapanda kwa mama. Nyumba yake iko juu kwenye miteremko ya Meru, kwenye migomba na mibuni aliyoiacha baba, mahali ambapo ukungu ukishuka hulioni hata zizi. Mama Kiswahili anakisikia kwa shida, mambo mazito huambiwa kwa Kimeru. Kwa hiyo nilimweleza kwa lugha yetu, na kwa kuwa sikuwa na neno la hospitali nikalitafutia mfano. Nilimwambia safari ina vituo vinne, mimi nimeshafika cha tatu.

Mama akashika uso wangu. Akaniuliza kama kituo cha nne ndiyo nyumbani.

"Ndiyo, mama. Ndiyo nyumbani."

Akaenda kanisani na mkungu wa ndizi na kuku kwa ajili ya shukrani. Baada ya ibada vitu vilipigwa mnada kama kawaida, na mkungu ule ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena, kwa sababu watu walimpenda mama na walitaka furaha yake idumu. Mchungaji aliwatangazia kwamba dada yetu amebakiza hatua moja. Watu wakapiga makofi. Nilisimama mbele yao wote nikiwa nimevaa gauni la sendofu, mkono wa kushoto umeanza kuwa mzito, nikatabasamu.

Kwenye benchi la akina mama alikuwepo jirani yetu aliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu. Yeye hakupiga makofi. Nilimwona. Mikono yake ilibaki mapajani, na macho yake hayakuwa usoni kwangu, yalikuwa kwapani.

Mchana, watu wakiwa nyumbani kwa mama wanakula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, alikuja akasimama mlangoni, akaniashiria kwa kichwa. Tulitoka mpaka kwenye njia ya mfereji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie vizuri. Daktari alisema hatua ya tatu ya nini?"

Hilo nilikuwa sijajiuliza. Maji ya mfereji yalipita miguuni mwetu yana baridi kali, na kutoka nyumbani nilisikia kicheko cha mama.

"Ya vipimo," nikasema. "Nadhani ni ya vipimo."

"Alisema ya vipimo?"

"Hakusema."

"Alitaja sii-ei?"

Sijui nilijibu nini. Nakumbuka tu kwamba aliushika mkono wangu wa kushoto, akaupima kwa vidole vyake kuanzia kwenye kifundo kwenda juu, kama mimi ninavyopima mkono wa shati, na alipofika kwapani akaacha.

"Mimi si daktari wako," akasema. "Sikuambii kitu nisichokijua. Kesho ukifika usimuulize zimebaki ngapi. Muulize ya nini. Na usiinuke kwenye kiti mpaka uelewe."

"Wewe unaijua?"

"Nenda kesho, mwanangu. Nenda mapema."

Nikarudi ndani. Mama aliniwekea nyama zaidi ya wengine, nikala. Mume wangu alikuwa anawachekesha wajomba zangu. Niliwatazama wote na nikaona kwamba ni mimi tu ndani ya chumba kile niliyekuwa na shaka, na kwamba nikiitamka itakuwa kweli. Tukashuka mjini kwenye ukungu mzito, taa za gari zimewashwa wakati bado ni mchana, na sikumwambia.

Jumatatu nikaingia kwa daktari yule yule. Mwanafunzi hakuwepo. Sikukaa vizuri kwenye kiti, nilikaa kwenye ukingo wake.

"Dokta, hatua ya tatu ya nini?"

Aliweka kalamu chini. "Ya ugonjwa, mama. Ya saratani ya titi."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kwa Kiswahili mbele yangu; ile sii-ei ilikuwa kifupi chake cha Kiingereza.

"Kwa hiyo hatua siyo… Mimi nilidhani ninaenda mbele."

"Hapana, mama. Anayepiga hatua si wewe. Ni ugonjwa. Ya kwanza bado mdogo, uko mahali pamoja. Ya tatu umekua, umeingia kwenye tezi za kwapa. Ya nne unakuwa umesambaa mwilini, ini, mapafu, mifupa."

"Na ukasema imebaki moja."

"Ulinishukuru," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilirudi nyumbani nikiwaza, huyu mama amenishukuru."

"Nilikushukuru kwa sababu ulisema imebaki moja."

Tulikaa pale wawili, watu wakigonga mlango. Hakugombana nami, nami sikugombana naye. Kisha akavuta kiti chake akaja upande wangu wa meza, akanieleza upya tangu mwanzo, kwa mkono wake juu ya kifua chake mwenyewe, wapi uvimbe ulipo na wapi umeelekea. Alisema hatua ya tatu inatibika, kwamba wapo waliopita hapo, na ndiyo sababu tunaanza leo. Dripu haikuwa maji. Ilikuwa dawa kali ya kuupunguza uvimbe kabla ya kuukata, na nywele zitatoka. Kila aliposema neno nisilolijua nilimwambia, dokta, rudi. Akarudi. Nilikuwa nimeapa sitainuka.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia mume wangu, kisha kupanda kumwambia mama kwamba kituo cha nne si nyumbani. Mume wangu alisikiliza, akachukua bisibisi, akaanza kufungua redio ambayo haikuwa mbovu. Mama hakulia. Aliniuliza kwa Kimeru kama wale waliopiga makofi kanisani inabidi waambiwe. Nikamwambia waambiwe. Akasema basi atawaambia yeye, na Jumapili iliyofuata, nimesimuliwa, aliinuka akawaambia, akakaa.

Dripu zilikuja na kichefuchefu chake, na ladha ya sarafu mdomoni. Nywele nilizinyoa mwenyewe kwa mkasi wa kazi. Uvimbe ukasinyaa, wakaniita kwa upasuaji.

Wodini, kitanda cha jirani alikuwepo mama wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, mfugaji, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani na heshima kubwa. Mkwewe, mke wa mwanawe, ndiye aliyekuwa akimhudumia na kumtafsiria. Walikuwa wameambiwa aje hospitali amefunga, na yule mkwe akaniambia kwa fahari kwamba mama mkwe amefunga tangu juzi, na anaomba. Nilimuuliza kama amekunywa kitu asubuhi. Akasema chai tu, ya maziwa, ya kumtia nguvu aliyefunga. Nilipomweleza kwamba kufunga kwa hapa ni tumbo kuwa tupu kabisa kabla ya dawa ya usingizi, alikimbia kumwita nesi, na upasuaji ukasogezwa.

Ulisogezwa, lakini haukufanyika. Walimpiga picha nyingine, kisha daktari akaja akazungumza na mkwe kwa muda mrefu koridoni. Siku iliyofuata akaja nesi mwingine, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye hakuvaa kama wenzake. Alivuta pazia. Alipoondoka mkwe alikuwa anatabasamu.

"Wanatupa ruhusa," akaniambia. "Tumehamishiwa tiba shufaa."

"Shufaa ni nini?"

"Si uponyaji? Shifaa. Mama anapona."

Sikulijua neno hilo. Kwa mara ya kwanza sikusema kitu, kwa sababu nilimwona yule mama mzee akimtazama mkwewe, na nikafahamu kwamba yeye, asiyejua Kiswahili, alikuwa ameelewa kila kitu. Alinipa mkono akiondoka. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi. Haukupita muda, mkwe alikuja kurudisha mashuka ya hospitali waliyoondoka nayo kwa bahati mbaya, na nywele zake alikuwa amenyoa kama wafiwa. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyokuwa, nimeshakatwa titi, mkono wa kushoto unawaka moto usiku na mchana, nikamwona yule nesi wa sauti ya chini anaingia wodini, anapita kitanda baada ya kitanda, anasimama kwangu.

Akashika pazia.

"Usivute," nikasema.

Akaacha. "Habari yako, mama. Nimetoka kitengo cha tiba shufaa. Daktari ameniomba nikuone."

Moyo ulinipiga mpaka mshono ukauma. Niliangalia mlango kama mume wangu anakuja, hakuwepo. Wanawake wa vitanda vingine waligeukia ukutani, mmoja baada ya mwingine. Walimjua.

"Sista," nikasema, "kabla hujakaa, niambie shufaa ni nini. Usinizungushe. Jirani yangu mliniondolea hapa."

Alikaa hata hivyo, pembeni ya kitanda, na akasubiri nipumue.

"Ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso," akasema. "Maumivu, hofu, kukosa usingizi. Yule mama ugonjwa wake ulikuwa haukatiki tena, tukamsaidia aende bila kuumia. Ndiyo, hao tunawahudumia. Lakini hata anayetibiwa apone tunamhudumia, maana naye anaumia. Wewe nimeletwa kwa ajili ya mkono."

"Mkono tu?"

"Mkono tu. Kwa leo."

"Kwa nini unasema kwa leo?"

"Kwa sababu umeniambia nisikuzungushe."

Nililia, na sikujua ni kwa ajili ya nani. Alinipa dawa ya maji, chungu, akanionyesha namna ya kuuinua mkono ukutani kidole kwa kidole. Nilipoamka nilikuwa nimelala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu baridi ilipoanza.

Mionzi nilipigiwa Moshi. Sasa nimerudi kwenye cherehani, nashona polepole, mkono ukivimba napumzika. Kliniki nakwenda na mume wangu, naye ameanza kuuliza maswali kuliko mimi. Mara ya mwisho aliachwa nje kwenye foleni ya dawa, nikaingia peke yangu. Daktari yule mwenye macho mekundu alitazama picha muda mrefu.

"Kwa sasa hauonekani," akasema.

"Hauonekani, au haupo?"

Akanitazama. Tunajuana sasa.

"Hauonekani, mama."

Nilimshukuru, na safari hii nilijua ninashukuru nini. Mume wangu alikuwa amesimama koridoni ameshika mfuko wa dawa kwa mikono miwili.

"Amesemaje?"

"Amesema hauonekani."

"Maana yake nini?"

"Maana yake nirudi tena baada ya miezi mitatu," nikamwambia, na tukaanza kushuka ngazi.